Jina la Kumi na Mbili

Kisanduku kwenye kompyuta kilitaka majina kumi na mawili. Nilikuwa nimeshavusha kumi na moja kutoka orodha ya kushoto kwenda ya kulia, na kitufe cha "Sawa" kilikuwa bado kijivu.

Walio kulia ndio wanaoachishwa kazi. Meneja alikuwa ameninong'oneza asubuhi. "Wakipungua, jaza jina lako," alisema, akacheka.

Fundi akaingia, yule mama aliyetufundisha sote kushona kiwandani hapa, aliyenilelea mwanangu siku za masomo yangu ya jioni. Akainama begani kwangu, akagusa kioo. Kucha yake ilikuwa imepasuka katikati, pale sindano ya mashine ilipopita zamani.

"Ndiyo orodha ya yale mafunzo ya mashine mpya, eti?"

Kushoto yalibaki majina mawili ambayo meneja aliniruhusu kuyagusa: la mama huyu na langu.

"Wee, usinibanie! Nimezeeka mwili tu, kichwa bado kinashika. Au umesahau nani alimbembeleza mwanao?"

"Sijasahau, mama."

"Basi niweke."

Nikalichagua jina lake. Kidole kikabaki juu ya kipanya.

"Bonyeza basi, mbona unasitasita kama mwizi?" Akaufunika mkono wangu kwa wake, wenye joto, akabonyeza yeye. Jina likahamia kulia. Kitufe kikawaka buluu.

"Umeona? Rahisi tu," akasema.

"Hongera, mama," nikamwambia, nikabonyeza "Sawa".