Lundo la Mkunga

Fundi saa alikuwa amepiga magoti uani, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya pipa la maganda, akinusanusa kwa wasiwasi.

"Linanuka kama yai bovu," alilalamika.

"Umelilowesha mno," alijibu mkunga mstaafu, jirani yake wa mlango wa pili, akiwa ameketi kwenye kigoda. "Tia majani makavu, uligeuze mpaka chini. Mboji inataka kupumua, mwanangu."

Kila alipoitwa "mwanangu", moyo ulimchoma.

Miezi minne nyuma, pembeni mwa ua huo palikuwa na lundo la mboji la mama huyu. Fundi, aliyechoshwa na inzi waliotua kwenye saa za wateja, alimwandikia mwenye nyumba barua isiyo na jina: lundo liondolewe. Wiki haikuisha, mkokoteni wa wazoa taka ukaja. Alichungulia dirishani, akamwona mama wa watu amesimama mbele ya udongo mtupu, ameshika kiuno.

Akaamua kulipa kwa jasho. Alitafuta pipa, akalitoboa matundu, akaomba afundishwe. Maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, makaratasi yaliyochanwachanwa, nyama marufuku. Mara ya kwanza alimwaga humo mchuzi wa jana, panya wakafanya karamu. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi alitamani ardhi immeze.

Hatimaye ikatoka mboji nyeusi, inayomeguka vidoleni, inayonukia kama ardhi baada ya mvua. Alijaza ndoo, akaiweka miguuni pa mama, na maneno yakamponyoka.

"Mama, ile barua niliiandika mimi. Nisamehe."

Mkunga aliifinya mboji kiganjani, akaiachia taratibu.

"Najua. Mwandiko wako si ninao kwenye risiti ya saa yangu? Mwenye nyumba aliniletea nimsomee, alikuwa amesahau miwani. Nikamwambia ni salamu tu, nikaichana."

Fundi alikodoa macho. "Sasa lundo aliliondoa nani?"

"Wazoa taka niliwaita mwenyewe. Mgongo ulishagoma kuligeuza. Nilikuwa nawaza nitamwachia nani kazi hii, mara ukaja wewe na koleo, uso kama wa mfiwa. Nikaona nisikukatize."