Mshipa Unaochezesha Uso

Uvimbe uliokuwa umeota ndani, nyuma ya sikio la kushoto, ulishatoka karibu wote. Kilibaki kipande kidogo kama punje ya mchele, kimeng'ang'ania mshipa wa fahamu unaochezesha uso. Chini ya darubini ya upasuaji, mshipa wenyewe ulikuwa mwembamba kama uzi uliolowa.

Daktari alipokigusa, mashine ya kuulinda mshipa ikapiga kelele. Akainua mkono.

"Tukiache," alimwambia msaidizi wake. "Tutakuwa tunakichunguza. Huyu ni mwalimu wa chekechea, watoto wanamsoma usoni."

Asubuhi iliyofuata alimkuta mwalimu amezungushiwa bandeji kichwani, binti yake ameketi kando, amemshika mkono kwa nguvu.

"Mwalimu, hebu nionyeshe meno."

"Meno gani, daktari? Hata mswaki sijapiga."

"Hayo hayo."

Mwalimu akajaribu. Upande wa kulia wa mdomo ukapanda mara moja. Wa kushoto ukasita, ukatetemeka kidogo, kisha nao ukapanda mpaka juu.

Binti akaangua kicheko huku machozi yakimtiririka.

Mwalimu alimtazama daktari. "Mbona na wewe umeyatoa meno yote nje?"