Mila ya Kuvuka Mto

Palitokea nyumbu aliyekulia kwenye bonde lenye majani mwaka mzima, asiwahi kuvuka mto hata siku moja. Siku moja akaona filamu ya wageni: nyumbu wote wanarukia mto wenye mamba. Akaona haya. "Kumbe mimi si nyumbu kamili," akasema, akaenda kujitosa.

Mtoni Mamba akamuuliza, "Ng'ambo unafuata nini, ndugu yangu?"

Nyumbu akafikiri. "Filamu haikusema."

Mamba akashusha pumzi. "Nami chakula changu ni kambare, nyama hunivimbisha tumbo. Lakini wale wageni wenye kamera pale ukingoni wametoka mbali kuja kututazama, tusiwaangushe. Wewe lia, mimi nitakushika mguu."

Nyumbu akalia kwelikweli. Filamu waliyopigwa siku hiyo ndiyo wajukuu wao huoneshwa leo, ili wajue mila za kwao.