Glasi ya Nistor

Roboti ya kunusa gesi inayovuja ilipita jiko, ikazunguka meza, ikasimama mbele ya kiti kitupu cha Nistor. Taa yake ikawa nyekundu.

"Hapa," alisema Cosmin, fundi wa gesi, akapenga kamasi. "Bibi Paraschiva, ukuta huu una bomba?"

"Limo tangu jengo lijengwe. Halijawahi kulalamika."

"Kama linavuja, nafunga gesi ya jengo zima. Mpaka wiki ijayo."

Paraschiva aliangalia sufuria yake. Ngano ya koliva, chakula cha kumwombea marehemu, ilikuwa bado mbichi, na kesho ilikuwa arobaini ya mumewe. Kesho roho ya Nistor ingeondoka nyumbani. Ingeondokaje bila koliva?

"Funga keshokutwa, mwanangu."

"Mama, hiki chombo hakinijui mimi wala wewe. Kikinusa, kimenusa."

"Basi kimenusa pipa langu la kabichi chachu. Majirani wote wananisema. Wewe husikii harufu?"

"Kwa mafua haya? Hata ungenichomea soksi puani nisingejua."

Akairudisha roboti mlangoni, akaiachia tena. Ikapita jiko, ikapita pipa, ikaenda kusimama palepale. Nyekundu.

Hapo ndipo Cosmin alipoiona glasi. Ilikuwa mezani mbele ya kiti, imejaa pomoni, kando ya mshumaa aliomwambia bibi auzime alipoingia.

"Ya marehemu?"

"Yake. Na haiguswi mpaka arobaini ipite."

Cosmin alikuna kichwa, kisha akacheka. "Pombe ya plamu?"

Paraschiva aliitazama tena sufuria.

"Kali," alisema. "Ya kijijini kwao."

"Si ungesema mapema, mama! Pombe huivuruga hii maskini. Juzi ilipiga kelele mbele ya chupa ya manukato, tukabomoa ukuta wa watu bure." Akaizima, akaitia kwapani. "Mungu amrehemu mzee. Inaonekana alijua kunywa."

"We acha tu," alisema Paraschiva, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Aliporudi alifunga mlango, akabadilisha maji kwenye glasi ya mumewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuonja pombe, kisha akapapasa mfuko wa aproni akitafuta kiberiti.