Nguzo ya Kapteni Digidigi

Sogeeni karibu, na aliye mfupi asinune. Palikuwa na timu ya majike ya mpira wa kikapu, na kapteni wao alikuwa Digidigi, mwenye mbio kuliko busara. Uwanja wao haukuwa na nguzo, kwa hiyo kila mazoezi walitundika kikapu kwenye pembe za Twiga. "Dada, kazi yako kusimama tu," kapteni alimwambia.

Kiangazi kikabakiza kisima kimoja. Ikakubaliwa timu itakayoshinda fainali ndiyo itakayokunywa kwanza. Fainali ilichezwa ugenini, penye nguzo halisi, hivyo Twiga akakaa nje.

Wapinzani wakamsimamisha Mbuni chini ya kikapu. Digidigi akaja mbio, akarusha. Mbuni akaudaka mpira kama anayechuma papai.

"Rudi nyumbani ukaongeze ugali urefuke, bibie!" Mbuni akamcheka.

Akarusha tena, ukadakwa tena. Digidigi akaduwaa mpaka nzi akamwingia kinywani. Kule nje wanawe walikuwa wamekaukwa na ndimi.

"Yarabi!" Digidigi akalia. "Wa kumfikia huyu tutamtoa wapi?"

"Kapteni," Twiga akasema taratibu, "miaka mitatu mipira yenu inanipita puani. Hata siku moja hukuniuliza kama najua kucheza?"

Akaingia. Akaudaka mpira juu ya kichwa cha Mbuni, akautumbukiza kikapuni bila hata kuruka. Hadi kipenga cha mwisho, Mbuni hakuugusa tena mpira.

Wakanywa kwanza. Mazoezi yaliyofuata, wenzake walipouliza nguzo iko wapi, Digidigi alipanda kichuguu, akavaa kikapu shingoni, akafumba macho.

"Rusheni, lakini polepole, jamani."