Ujumbe Usiofutika

Bi Mwanakheri alisoma mara mbili ujumbe ambao mwanawe, Shaibu, alikuwa ametuma kwenye kundi la familia: "Dalali, mama hajui kitu. Ijumaa akitia sahihi tu, nyumba ni ya mnunuzi."

Akamwonyesha mdogo wake, Rukia, aliyekuwa ameketi naye barazani. Rukia akafungua simu yake mpya. Kwake, chini ya jina la Shaibu, paliandikwa tu: Ujumbe huu umefutwa.

"Kakosea kundi, kisha kaufuta," Rukia alinong'ona. "Simu yako hiyo kongwe haikuisikia amri ya kufuta."

Adhuhuri haijafika, Shaibu akaingia akihema. "Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Za tangu Idi?"

"Nzuri. Mama, lete simu yako niiapdeti."

"Leo? Miaka mitatu nakuomba, unaniambia hiyo ni ya kupeleka makumbusho."

"Leo nimepata nafasi."

"Nafasi gani hiyo inayokuja mbio?" Rukia akasema. "Hata viatu umevaa kombo."

Bi Mwanakheri hakucheka. "Ukiiapdeti, ya zamani yatabaki?"

"Yote, mama. Hakipotei kitu."

Alijibu akiitazama simu, si uso wa mama yake. Bi Mwanakheri akautafuta ujumbe ule taratibu, akamwekea simu kiganjani.

"Basi nisomee kwanza huu, mwanangu. Kwa sauti."

Shaibu akainamia kioo. Kidole gumba chake kilielea juu ya maneno yake mwenyewe, tayari kuyafuta, bado hakijashuka.