Mafuta ya Maximilla

Wakhisi alifungua mkebe wa zamani wa Kimbo, mafuta ya kupikia, akaingiza pua, akaufunga haraka kama mtu anayefungia kuku. Ndani, leso ya marehemu mkewe ilikuwa bado inanukia lozi, ndiyo harufu ya mafuta aliyoikuta shingoni mwake kila alipofika nyumbani. Lakini sasa ilisikika kwa mbali sana. Kufikia Krismasi ingekwisha, na wazo hilo lilimtia hofu kuliko kuzeeka.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya Kisumu, akilala peke yake kwenye chumba cha kupanga Migosi. Maximilla alibaki Kimilili akilima shamba. Kila mwisho wa mwezi Wakhisi alipanda basi kwenda kwake na koti chafu la kazini, akaliacha huko, akarudi na jingine lililofuliwa. Ndoa yao yote ilikuwa ya wikendi, na mwaka jana hata hizo ziliisha.

Sasa alikuwa amestaafu. Asubuhi hiyo Mwalimu Ouma wa shule ile ile alimwita awasaidie wanafunzi wa mwisho wa Kidato cha Sita, kabla kidato chenyewe hakijafutwa, kufanya jaribio la benzonitrili. Wakhisi alikuwa ameimimina dawa hiyo tangu ujana bila pua yake kushtuka. Maabarani kila kitu kilinukia kazi tu. Lakini pua ilikuwa imepumzika miezi minane. Alipozibua chupa, harufu ya lozi ilimpanda puani. Ilikuwa harufu ya Maximilla mtupu.

Wakaichemsha na soda kali. Mvuke wa amonia ukaigeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu. Kisha wakatia asidi, na chini ya glasi zikatuama chembe nyeupe zisizonukia chochote. Wakhisi aliziangalia, akaiona leso ya mkewe itakavyokuwa, akatoka bila kuaga.

Alipitia chumbani kuchukua mkebe, kisha akaenda hadi sokoni Otonglo, ambako Nakhungu, mdogo wake Maximilla, aliuza vitunguu. Kama mafuta yale yalikuwa na dawa ile ndani, basi yalikuwa na jina, na mwenye duka fulani alikuwa nayo.

“Dada yako alikuwa anapaka mafuta gani?” aliuliza, akimsogezea mkebe.

Nakhungu alinusa, akamtazama.

“Maximilla hakuwa anapaka mafuta, shemeji. Yalikuwa yanamuumiza kichwa. Hii leso ni ya kufunga ile koti yako ya kazi. Alikuwa analala na hiyo koti mwezi mzima, anaifua tu siku moja kabla ufike.”